VISIMA VYA BABA ZETU

Mazungumzo ya redioni. Somo: Mwanzo 26:12-22

Leo tutazungumza juu ya maji. Asiwepo mtu wa kudhani kwamba tumeliacha Neno la Mungu na kushika kazi ya afisa wa maji. La, hasha! Fungua Biblia yako katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 26, usome polepole kuanzia mstari wa 12 hata wa 22. Hapo utamkuta Isaka, mwana wa ahadi, mtu mwenye mali nyingi, na kazi anayoifanya ni kuchimba visima.

Lakini angalia vizuri. Visima vya kwanza alivyovishughulikia Isaka havikuwa vipya. Vilikuwa visima vya Ibrahimu baba yake. Watumishi wa Ibrahimu walikwisha kutoka jasho, maji yakapatikana, watu wakanywa na mifugo ikanywa. Kisha mzee akafa, na Wafilisti wakavijaza udongo. Kazi yake ikawa kana kwamba haikufanyika. Ikambidi mwana avichimbue tena, akavipa majina yale yale aliyoyatumia baba yake.

Ndugu zangu, neno ninalotaka mlibebe leo ni hili: kisima huchimbwa kwa siku chache, lakini hutunzwa kwa vizazi. Kujitolea kuchimba ni kwema. Kujitolea kutunza ni kugumu zaidi, nako ndiko kunakowafikishia wajukuu maji.

Maji ya mlimani

Twende kwanza kusini, katika nchi ya Malawi, inayopakana na jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1968, miaka minne tu baada ya nchi hiyo kupata uhuru, wananchi wa Chingale, chini ya mlima Zomba, walianza kazi ya kuleta maji ya mlimani kwa mabomba mpaka vijijini. Baada ya hapo kazi kama hiyo, iliyo kubwa zaidi, ikaanza Chambe, chini ya mlima Mulanje. Mulanje ni mlima mkubwa kweli kweli. Kilele chake kinafika mita 3,002, na vijito hutiririka kutoka misitu yake. Watu wa tambarare walikuwa wakiuona mlima huo kila siku wenye mawingu na mvua, huku wenyewe wakichota maji katika vidimbwi na visima vya wazi, ambavyo wakati wa kiangazi hukauka au hubaki na tope.

Serikali ilitoa mabomba, saruji na mafundi wa kuongoza. Wananchi walitoa mikono yao. Wanaume kwa wanawake walishika majembe, wakachimba mitaro ya kilomita nyingi bila mshahara. Mabomba yalibebwa begani na kichwani mpaka mahali ambapo gari haliwezi kufika.

Msifikiri kwamba watu hao walikurupuka tu na majembe. Kabla ya jembe la kwanza kulikuwa na baraza. Machifu na wananchi walikaa pamoja, wakaelezwa kazi ilivyo na gharama yake kwa jasho, wakachagua kamati yao wenyewe. Kisha kila kijiji kikapewa sehemu yake ya mtaro na siku zake za kuchimba. Hakuna aliyeweza kusema, "Sehemu hii ni ya nani?" Kila mtu aliijua sehemu yake.

Sasa niwaeleze kwa ufupi jinsi maji hayo yanavyosafiri, maana mtu asiyeelewa kitu hawezi kukitunza.

Juu mlimani, mahali ambapo hapana nyumba wala shamba wala malisho juu yake, hujengwa ukuta mdogo wa kukinga kijito. Maji huingia katika bomba kwa kupitia chujio linalozuia majani na vijiti. Kisha huingia katika tangi ambamo hutulia, ili mchanga na matope yazame chini. Kutoka hapo yanashika bomba kuu na kuteremka mpaka matangi ya akiba yaliyo karibu na vijiji, na kutoka matangi hayo mabomba madogo huyagawa mpaka kwenye mifereji. Chini ya kila mfereji hujengwa sakafu ya saruji, ili maji yanayomwagika yasifanye tope na kuzaa mbu.

Hakuna injini katika mpango huu. Maji hushuka kwa uzito wake yenyewe, wala hayaombi dizeli. Lakini uzito huo una nguvu. Kila mita 10 maji yanaposhuka ndani ya bomba, msukumo wake huongezeka kwa kadiri ya uzito wote wa hewa unaotulemea sisi hapa duniani. Yakishuka mita 100 bila kupumzika, msukumo umeongezeka mara 10 ya huo, na bomba dhaifu litapasuka. Kwa hiyo mafundi huweka matangi madogo njiani. Maji yakiingia humo hupoteza nguvu zake, kisha huanza safari upya kwa upole.

Na kwa nini bomba lifukiwe chini kabisa? Kwa sababu jua hudhoofisha plastiki. Tena kuna jembe la mkulima, moto wa kuchoma shamba na kwato za ng'ombe. Hata udongo wa kufukia unapaswa kuchambuliwa. Jiwe moja lenye ncha, likilalia bomba mwaka hata mwaka, mwishowe hulitoboa.

Hapa kuna fundisho. Ikiwa mtu mmoja alichimba sehemu yake kwa uvivu, mtaro ukawa wa juu juu, bomba litavunjika hapo hapo. Nao watakaokosa maji si watu wa kijiji chake tu, bali wote walio chini yake, hata wale waliochimba kwa uaminifu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mwili wenye viungo vingi, kwamba kiungo kimoja kikiumia vyote vinaumia pamoja nacho. Someni 1 Wakorintho 12. Watu wa Mulanje walilisoma neno hilo ardhini kwa majembe.

Baada ya sherehe

Basi maji yakafika. Mipango ya namna hii ikaenea katika sehemu nyingi za Malawi, na mamia ya maelfu ya watu wakapata maji ya mfereji karibu na nyumbani. Wageni wakaja kutoka nchi nyingine kujifunza jinsi watu wa vijijini walivyoweza kufanya kazi kubwa hivyo.

Laiti habari ingeishia hapo! Lakini miaka ikapita. Mwaka 1966 Malawi ilihesabu watu wapatao milioni 4. Katika hesabu ya mwaka 2018 walikuwa zaidi ya milioni 17. Bomba lililopimwa kwa babu halikuwatosha wajukuu. Mabomba yenyewe yalizeeka. Miti ya mlimani ilikatwa kwa kuni, makaa na mashamba. Na msitu ukiondoka, mvua haiingii tena ardhini polepole. Hukimbia juu juu, ikibeba udongo, na wakati wa kiangazi kijito huwa chembamba. Katika sehemu nyingi kamati zililala. Wazee waliochimba walifariki, na vijana waliozaliwa mfereji ukiwapo walidhani maji hutoka yenyewe. Mfereji ukavunjika, kila mtu akamngoja mwenzake, au wote wakaingoja serikali.

Hao hawakuwa Wafilisti, ndugu zangu. Kisima kinaweza kujaa udongo bila adui, kwa kuachwa tu.

Na hasara yake si ndogo. Katika miaka ya 2022 na 2023 Malawi ilipigwa na kipindupindu kilichoua watu zaidi ya 1,700, mlipuko mbaya kuliko yote katika kumbukumbu za nchi hiyo. Katikati ya taabu hiyo, mwezi wa Machi 2023, ikaja tufani iliyoitwa Freddy. Mulanje na wilaya jirani zikapata maporomoko ya udongo na mawe, na mabomba mengi ya maji yakaharibika. Kipindupindu huingia kwa kinywa, katika maji na chakula kilichochafuliwa. Kijiji kisicho na maji safi ni kama nyumba isiyo na mlango.

Tusiinyoshee Malawi kidole. Mwaka 2009, wataalamu wa maji ya vijijini walipokusanya hesabu za nchi nyingi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, walikadiria kwamba katika kila pampu za mkono 100, 36 hivi zilikuwa hazifanyi kazi. Hebu fikiri ni harambee ngapi zilizofanywa, ni mbuzi wangapi waliochinjwa siku ya ufunguzi, ni hotuba ngapi zilizotolewa. Leo chuma kimesimama pale, na mama anapita kando yake na ndoo yake kwenda mtoni.

Akina mama wa Kwale

Sasa turudi nyumbani, pwani ya kusini ya Kenya. Mwaka 1983, katika sehemu za Kwale, ulianza mpango wa kujaribu pampu za mkono kwa ajili ya vijiji. Ilikuwa ni miaka ile ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa mwongo wa maji na usafi, yaani tangu 1981 hata 1990.

Shida ya pampu nyingi za zamani ilikuwa hii: kitu kidogo kama kipande cha mpira kikiisha kule chini kisimani, ilihitajika lori na vyuma vya kuinulia mabomba mazito, pamoja na mafundi kutoka mbali. Kijiji kilikaa miezi mingi kikingoja. Kutokana na majaribio ya Malawi na ya Kenya katika miaka hiyo ilipatikana pampu inayoitwa Afridev. Katika pampu hii mtu hahitaji kuling'oa bomba. Hufungua kichwa cha pampu kwa spana moja, akavuta vyuma vyembamba pamoja na pistoni kupitia ndani ya bomba lenyewe, akabadilisha mpira au vali, akarudisha. Mchoro wake si mali ya kampuni moja. Kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza.

Lakini pampu nzuri haitoshi. Shirika la Kenya Water for Health, linalojulikana kwa jina la KWAHO, liliingia vijijini kuzungumza na watu, na hasa akina mama, kwa kuwa ndio wenye kuteka maji. Kamati zikachaguliwa. Akina mama wakawa waweka hazina. Akina mama wakafundishwa kuifungua pampu na kuitengeneza. Walifanya kazi hiyo kwa kujitolea, baina ya shamba na jiko.

Mpenzi msomaji, wengi wa ndugu hao ni Waislamu, na majirani zao wengine ni Wakristo. Kisima hakiulizi mtu anaswali wapi au anaabudu wapi. Ndoo zote hupanga mstari mmoja.

Karibu miaka 30 baadaye watafiti walikwenda tena Kwale kuziangalia pampu zile. Walikuta nyingi za zamani zingali zikitoa maji, na nyingine zimekufa. Mahali pengine sababu ilikuwa ni maji ya chumvi, ambayo watu hawakuyapenda. Lakini jambo moja lilionekana wazi, kwamba pampu ina tumaini zaidi pale watu wanapochanga fedha kwa utaratibu kuliko pale wanapongoja ivunjike ndipo waanze kutafutana.

Kutoka Kyuso, katika Kitui, tunapata ushuhuda mwingine. Huko pampu iliyovunjika ilikuwa ikikaa siku 27 hivi kabla ya kutengenezwa. Katika jaribio lililofanywa mwaka 2013, mafundi waliwekwa kwa ajili ya kazi hiyo tu, wakiwa na vipuri tayari, wakiitwa mara pampu inapoharibika. Siku hizo 27 zikashuka zikawa chini ya 3. Nawaomba mlifikiri jambo hilo. Siku 27 za maji machafu zinatosha kumzika mtoto. Tena tunaona hapa kwamba roho ya kujitolea haishindani na mshahara wa fundi. Mtenda kazi anastahili ujira wake, ndivyo alivyofundisha Bwana wetu. Anayejitolea kukusanya mchango huo kila mwezi kwa uaminifu, huyo naye ni mchimba kisima.

Yatupasa kufanya nini?

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ni vema tuidai haki hiyo kwa heshima kwa viongozi wetu. Lakini haki iliyo kwenye karatasi haibadilishi mpira wa pampu. Kwa hiyo, kila kanisa lililosaidia kuleta maji, au linalojiandaa kufanya hivyo, nataka lijiulize mambo manne.

La kwanza: Nani aliulizwa? Kama kamati ni ya wanaume watupu, na wateka maji ni akina mama na watoto, kamati hiyo haijui maji. Waulizeni wanaobeba ndoo. Wao ndio wanaojua mfereji uwe wapi, na ni saa ngapi mstari huwa mrefu.

La pili: Fedha za matengenezo ziko wapi leo? Sisemi zile za ujenzi. Nasema fedha kidogo za kila mwezi, zilizoandikwa kitabuni, zinazosomwa mbele ya watu wote. Kitabu cha hesabu kilicho wazi ni sehemu ya bomba. Kisipokuwapo, uaminifu huvuja, na baada yake maji.

La tatu: Nani anaangalia juu? Ikiwa maji yenu hutoka chemchemi au kijito, pandeni mkaone mahali yanapotoka. Je, miti ipo? Mifugo imezuiwa? Choo kimechimbwa karibu? Vijana wetu wanaweza kufanya kazi hii vizuri, kupanda miti ya asili na kuilinda mpaka ikue.

La nne: Maji yanafikaje kinywani? Maji yaliyo safi mfererjini yanaweza kuchafuka nyumbani. Mtungi usiofunikwa, kikombe kinachozamishwa pamoja na vidole, mikono isiyooshwa kwa sabuni, hivyo vyote huvunja kazi ya mlima mzima. Umoja wa akina mama unaweza kulifundisha jambo hili katika mikutano yake bila gharama yoyote.

Rehobothi

Turudi sasa kwa Isaka. Baada ya kuvichimbua visima vya baba yake, watumishi wake walichimba vingine bondeni, wakapata maji. Wachungaji wa Gerari wakagombana nao. Isaka akakiita kisima kile Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba kingine, nacho wakakigombania, akakiita Sitna, yaani uadui. Hakupigana. Alihama, akachimba tena. Kisima cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana amewapa nafasi.

Kamati nyingi za maji nchini mwetu zimefika Eseki zikavunjika hapo hapo. Mwenyekiti amegombana na mweka hazina, ukoo huu umegombana na ukoo ule juu ya mahali pa kuweka mfereji, dhehebu hili limesema kisima ni chake. Isaka anatufundisha kuchimba mara ya pili na mara ya tatu. Rehobothi haikupatikana kwa siku moja, wala haikupatikana kwa rungu.

Na mwisho, mkumbukeni yule mwanamke Msamaria katika Yohana mlango wa 4. Alimkuta Bwana Yesu ameketi penye kisima cha Yakobo. Yakobo alikuwa amekufa zamani za kale, na bado watu walikuwa wakiteka kisimani pake. Vizazi vingapi vilikitunza kisima kile, ili siku ile pawe na mahali pa Bwana kuketi na kuomba maji? Majina yao hayakuandikwa. Kama wangaliacha kijae udongo, mama yule asingalikuwa na sababu ya kufika pale na mtungi wake.

Huenda hata wewe jina lako halitaandikwa kwenye jiwe la ufunguzi. Jiwe hilo huwa na majina ya wakubwa. Lakini ukiishika spana, au kitabu cha mchango, au mche wa mti, ujue kwamba unamtumikia Yeye aliyesema kwamba kikombe kimoja cha maji baridi hakikosi thawabu.

Tuombe:

Ee Bwana, tunakushukuru kwa ajili ya mvua, mito na chemchemi. Tunakushukuru kwa ajili ya baba na mama zetu waliochimba, wengi wao wasinywe sana maji ya kazi yao. Utusamehe kwa visima tulivyoviacha vijae udongo. Uwatie nguvu wanaotengeneza bila kusifiwa. Utuondolee ugomvi, utupe nafasi. Na maji tunayoteka leo, utujalie kuwaachia watoto wetu yangali safi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.